Kupata Tikiti ya Mpira

Ndugu wasikilizaji, wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Kilwa Masoko, Kivinje, Kisiwani, Somanga, Mchinga na Lindi mjini, na ninyi walimu mnaoshika chaki, natumaini taa zinawaka na redio inasikika vizuri. Shikeni kalamu zenu, fungueni madaftari, lakini msiandike bado. Kwanza tuzungumze.

Somo letu la leo ni habari ya tikiti ya mpira. Najua wako watakaocheka. Watasema, huyu Bwana Elimu amekosa la kutufundisha, tunataka kusoma barua na hesabu, yeye anatuletea mpira. Ngojeni kidogo. Tikiti ni karatasi au ujumbe wenye maneno machache na tarakimu chache, na kila neno lililomo linagharimu pesa. Asiyeisoma vizuri hupoteza pesa. Mimi mwenyewe nimepoteza, nami nitawaeleza jinsi ilivyokuwa.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam. Siku moja nilikwenda kutazama mchezo mkubwa. Nilifika nimechelewa, watu wamejaa nje, milio ya ngoma na vuvuzela inatoka ndani, nami moyo unanienda mbio. Akanijia kijana mmoja mpole, amevaa jezi ya timu yangu. Akasema, kaka, ninayo moja tu, ndugu yangu ameugua hakuweza kuja. Nikampa pesa, nikaichukua tikiti, nikaikunja bila kuitazama, nikakimbilia langoni. Mlinzi aliifungua akaisoma. Akanitazama kwa huruma, akasema, kijana, hii ni ya mchezo wa juma lililopita. Tarehe ilikuwa imeandikwa wazi kabisa! Basi mimi, mtu wa kusoma vitabu vinene, nilishindwa kusoma mstari mmoja kwa sababu ya pupa. Nilisimama nje nikahesabu mabao kwa kelele za watu.

Siku hizo tikiti zilikuwa karatasi, na walanguzi walifanya watakavyo. Wengine waliuza tikiti za jana, wengine waliuza za bandia, wengine walizinunua nyingi mapema wakaziuza kwa bei ya juu. Siku hizi katika viwanja vikubwa karatasi imepungua sana. Inatumika kadi iitwayo N-Card. Ni kadi ngumu ya plastiki, ndogo kama kadi ya benki, nayo ina namba yake. Wanaovuka kwenda Kigamboni kwa kivuko wanaijua, maana hutumika pale pia.

Sasa kazi yake ni hivi. Kwanza unaipata kadi yenyewe kwa wakala. Kisha, mchezo ukitangazwa, unanunua nafasi ya kuingia. Unaweza kumwendea wakala ukampa pesa taslimu na kadi yako, naye akakulipia. Au waweza kulipa kwa simu yako mwenyewe, ikiwa una pesa katika simu. Utafuata orodha inayotokea katika kioo cha simu: utachagua malipo, utachagua mchezo, utachagua mahali pa kukaa, utaandika namba ya kadi, na mwisho utaweka namba yako ya siri. Orodha hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo haifai kukariri kwamba jambo fulani ni namba 4 au namba 6. Soma kinachoandikwa mbele yako. Hapo ndipo elimu ya kusoma inapokuwa na faida, maana anayekariri hupotea siku orodha inapogeuzwa.

Ukisha lipa, utaletewa ujumbe katika simu. Usiufute. Siku ya mchezo utakwenda na kadi, utaigusisha kwenye mashine iliyo langoni, na mashine ikikubali utapita. Kadi moja huingiza mtu mmoja. Kwa hiyo baba akitaka kwenda na mwanawe, wanahitaji kadi mbili. Hili huwaponyoka wengi, na ubishi unaotokea langoni haufai mbele ya mtoto.

Namba ya siri, ndugu zangu, ni ya mwenye simu peke yake. Wakala haihitaji. Mtu akikuambia, mzee, nipe simu nikusaidie, niambie namba yako ya siri nikununulie upesi, mwambie ahsante mwanangu, nitajaribu mwenyewe. Afadhali uchukue robo saa kusoma polepole, herufi kwa herufi, kuliko kumpa mtu usiyemjua ufunguo wa kasha lako.

Sasa tuone maneno yanayotumika. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: MZUNGUKO. M-zu-ngu-ko. Katika habari za mpira, mzunguko maana yake ni viti vya watu wengi vinavyozunguka uwanja, na ndivyo vya bei nafuu. Kisha andika: VIP A, VIP B, VIP C. Hivi ni viti vya heshima, na A ndiyo ghali kuliko zote. Neno la tatu ni KIINGILIO, yaani pesa ya kuingilia. Bei ya kiingilio haiko mahali pamoja. Mchezo wa kawaida una bei yake na mchezo mkubwa una bei yake. Mara nyingine klabu yenyewe hutangaza kwamba mzunguko ni bure, hasa inapotaka watu wajae kuitia nguvu mbele ya wageni. Sikilizeni redio, someni tangazo la klabu au la Shirikisho la Mpira, msisikilize maneno ya barazani.

Na sasa saa. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tangazo litaandika saa kwa hesabu ya kizungu: 16:00, au 19:00. Sisi twahesabu kuanzia asubuhi. Basi ukiona 16:00, toa 6. Kumi na sita toa sita, inabaki kumi. Ni saa 10 jioni. Ukiona 19:00, toa 6, inabaki 13. Kwa kuwa saa zetu zinaishia 12, toa 12 tena, inabaki 1. Ni saa 1 usiku. Jaribuni wenyewe 17:00 na 21:00. Walimu, wapeni dakika mbili.

Msidhani saa ni jambo dogo. Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga walipangwa kucheza Dar es Salaam saa 11 jioni. Siku ile ile likatoka tangazo kwamba mchezo umesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika kwa saa ya kwanza wakaondoka, Simba wakafika kwa saa ya pili, na mchezo haukuchezwa. Watu walikwisha nunua tikiti, na wengine walikwisha safiri kutoka mikoani. Ulichezwa tarehe 3 Julai mwaka huo, Yanga wakashinda 1 kwa 0. Saa mbili tu za tofauti, na safari za maelfu zikapotea bure.

Nimewataja Simba na Yanga, na hapana budi kuwataja, maana hata pwani yetu hii imegawanyika. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Wazee wetu waliijua Simba kwa jina la Sunderland mpaka mwaka 1971. Kwa nini tikiti zao ni ngumu kupatikana? Hesabu itatueleza. Katika ligi yetu ziko timu 16, na kila timu hucheza michezo 30 kwa mwaka, 15 nyumbani na 15 ugenini. Lakini watani hawa hukutana katika ligi mara 2 tu. Tazameni Marekani. Kuna mchezo wao uitwao beisiboli, mtu hurusha mpira na mwingine huupiga kwa gongo. Kila timu ya ligi yao kubwa hucheza michezo 162 kwa msimu, na 81 kati ya hiyo ni nyumbani kwake. Basi Mmarekani akikosa tikiti leo atakwenda kesho, au juma lijalo, na siku za katikati ya juma hupata kwa bei nafuu. Mswahili akikosa tikiti ya watani atangoje miezi. Ndiyo maana watu husukumana.

Na kusukumana huko kunaua. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga walicheza na USM Alger ya Algeria, mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Uwanja ule huchukua watu 60,000. Waliokuja walikuwa wengi kupita kiasi, wakasongamana, na mtu mmoja alikufa na watu wapatao 30 waliumia. Huyo aliyekufa aliaga nyumbani kwake kwenda kutazama mpira. Kwa hiyo, mwenye tikiti na aende mapema, malango yakifunguliwa tu awe ameingia. Asiye na tikiti asiende kabisa kubahatisha langoni. Mkiona watu wanaanza kubanana, ondokeni pembeni, hata kama kipyenga kimelia. Akina mama wenye watoto, chagueni viti vya bei ya juu kidogo kama uwezo upo, au chagueni mchezo mdogo. Mimi sioni sababu ya kumpeleka mtoto wa miaka mitano katika mchezo wa watani.

Tuje kwetu sasa. Mtu wa Lindi na Kilwa ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwenda Ruangwa. Huko iko timu ya mkoa wetu, Namungo, na uwanja wake unaitwa Uwanja wa Majaliwa. Namungo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019 na 2020, na msimu huo huo wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchini, ikafungwa na Simba 2 kwa 1 kule Sumbawanga. Msimu uliofuata iliiwakilisha nchi katika kombe la Afrika, ikaingia katika kundi moja na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Haikuambulia pointi, lakini jina la Ruangwa lilitajwa Casablanca na Cairo, na hilo babu zetu hawakuliota. Michezo yake ya nyumbani ya kombe hilo ilichezwa Dar es Salaam, kwa hiyo watu wa Ruangwa waliokuwa na hamu walilazimika kusafiri. Lakini ya ligi huchezwa pale pale Ruangwa.

Faida ya Ruangwa ni hii: Simba na Yanga wenyewe huja. Usipopata nafasi ya kuwaona Dar es Salaam, ngoja ratiba ya ligi itoke, tazama siku watakayokuja kucheza na Namungo, ukate tikiti yako mapema. Uwanja ni mdogo, kwa hiyo siku hiyo hujaa upesi. Michezo mingine haina shida, mara nyingi unapata tikiti asubuhi ya siku ile ile. Kutoka Lindi unapita Mnazi Mmoja, Mtama, kisha Nanganga unakata kulia. Ukiwa na ndugu Ruangwa, mpigie akuulizie inapouzwa. Ndugu wa damu ni wakala asiyetoza.

Njia ya pili ni kwenda Dar es Salaam. Hapa watu wa kusini tuna bahati moja ambayo watu wa Arusha na Mwanza hawana. Uwanja wa Mkapa uko Temeke, karibu na Barabara ya Kilwa, ile ile inayoanzia kwetu. Ukitoka Nangurukuru unapita Somanga, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mbagala, na hapo uwanja si mbali tena. Huna haja ya kuingia mjini kati. Jambo hili hunifurahisha kila nisafiripo: unavuka daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, kwenda katika uwanja wa Mkapa, na mwenyewe marehemu alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2007 na ukapewa jina lake mwaka 2020, alipofariki. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 tulingoja pantoni, na masika yakifika hatukwenda popote. Wazee walio darasani wanaweza kuwasimulia vijana.

Hata sasa njia si ya kuaminiwa siku zote. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara huko Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Basi ukinunua tikiti ya mchezo wa masika, safiri siku moja kabla.

Haya, sasa andikeni. Tutafanya hesabu ya mtu mmoja atokaye Kilwa Masoko. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, kila mtu ataweka zile atakazozikuta. Tufanye nauli ya basi ni shilingi 18,000 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Jumla 36,000. Tikiti ya mzunguko tufanye 10,000. Chakula 8,000. Daladala 2,000. Mchezo ukianza saa 1 usiku utakwisha karibu saa 3, na hapo hakuna basi la kurudi Kilwa, kwa hiyo weka malazi 15,000. Jumlisheni. Thelathini na sita, na kumi, na nane, na mbili, na kumi na tano. Shilingi 71,000.

Mwaona? Tikiti ni 10,000 tu, lakini mpira wenyewe ni 71,000. Wengi hufikiri wana pesa ya mpira kumbe wana pesa ya tikiti. Nimewaona Mbagala asubuhi ya pili wakiomba nauli. Mtu akiweka 6,000 kila juma kwa majuma 12 atapata 72,000. Itabaki 1,000, ya kahawa na kashata. Na wa Lindi aendaye Ruangwa? Tufanye nauli 8,000 kwenda na 8,000 kurudi, tikiti 5,000, chakula 4,000. Ni 25,000. Kila mtu na achague kwa mfuko wake.

Kabla sijaacha, nina habari ya mwanafunzi wetu mmoja wa Kilwa Kivinje. Ni mzee mvuvi, alijifunza kusoma akiwa na umri mkubwa, na jina lake sitalitaja kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kutajwa. Alikuwa hajauona uwanja mkubwa maisha yake yote. Akaweka pesa ya samaki kidogo kidogo, akanunua kadi, akalipa mwenyewe kwa simu yake, bila kusaidiwa na mjukuu. Alimwonyesha mwalimu ule ujumbe, akausoma kwa sauti darasa zima likisikia: jina la mchezo, tarehe, saa, kiasi. Mchezo ulikuwa Yanga na Simba, tarehe 8 Machi 2025.

Alifika Dar es Salaam salama. Na siku ile ile ya mchezo, kwa mabishano yaliyotokea baada ya Simba kusema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia, mchezo ukaahirishwa. Mzee alikuwa tayari Temeke, amevaa kanzu yake safi na skafu ya timu. Alisoma tangazo katika simu ya jirani, akaomba asome tena, akasoma mara ya tatu. Alilala kwa binamu yake Mbagala, akapanda basi alfajiri.

Mchezo ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni mwaka huo, na Yanga wakashinda 2 kwa 0. Nauli ya mara ya pili hakuwa nayo. Aliutazama Kivinje, katika kibanda umiza, amebanwa kati ya vijana, kwa shilingi chache. Nilipomwuliza kama alijuta, alinijibu, Bwana Elimu, pesa iliniuma, lakini wengine pale Temeke walikuwa wakiulizana kuna nini, na mimi ndiye niliyewasomea.

Kadi yake anayo bado. Anasema ataitumia, na sasa anaangalia ratiba ya Ruangwa, ambako nauli ni rahisi kidogo na anaye mpwa. Nami nimemshauri vivyo hivyo, ingawa yeye angependa ule uwanja wa viti 60,000. Tena michezo ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Huko tikiti huenda zikauzwa zaidi kwa njia ya intaneti, kwa hiyo wanaotaka kwenda na waanze sasa kuzoea kusoma katika simu, wasingoje siku ya mchezo.

Kazi ya juma hili ni hizi. Andikeni maneno haya mara tano kila moja: mzunguko, kiingilio, lango, tarehe, kuahirishwa. Geuzeni saa hizi kwa hesabu yetu: 14:00, 16:15, 18:30, 20:00. Kisha kila mtu afanye hesabu ya safari yake mwenyewe, kutoka kijijini kwake mpaka uwanjani na kurudi, kwa bei atakazouliza kwa kondakta na kwa wakala. Wa Kisiwani msisahau nauli ya mashua. Mwalimu atakusanya madaftari siku ya Alhamisi. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma barua ya kuomba leseni ya biashara ndogo. Kwaherini.